Kona ya Wazazi: Mtoto akirudi na harufu ya lutuku

 

Mwezi huu tunaanza kwa kuomba ruhusa. Sisi walimu wa kujitolea ni vijana. Wengi wetu hatujafika miaka 30, na wengine hatujazaa bado. Kwa desturi yetu mtoto hamfundishi mkubwa namna ya kulea, na tukisahau hiyo, mama zetu watatukumbusha haraka! Lakini sisi tunakaa na watoto wenu asubuhi mpaka mchana, tunaona mambo ambayo nyinyi hamyaoni. Na nyinyi mnaona ya usiku ambayo sisi hatuyaoni. Kwa hiyo tumeona tuweke pamoja yale ya mchana na yale ya usiku, maana jambo lenyewe limekuwa kubwa: watoto wetu wa miaka 13, 14, 15 wanakunywa lutuku, na wengine wanavuta bangi.

Kosa letu tulianze sisi

Kabla ya kusema juu ya wazazi, tuseme yetu. Tuko na kijana mmoja, tutamwita tu kijana wetu. Mambo mengine madogo tumeyabadilisha ili asijulikane, na mama yake amekubali tuandike. Ana miaka 15. Hesabu anazipenda kabisa, anamaliza mbele ya wenzake halafu anaanza kuwasumbua.

Siku moja alifika amechelewa. Macho mekundu, shati limefungwa vibaya, na harufu ilijaa darasa. Watoto wakacheka. Mmoja wetu akakasirika, akamwambia mbele ya wote: "Toka! Urudi siku utakuwa mtu." Kijana akachukua daftari lake, akatoka bila kusema neno.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa pia. Sisi tukasema, basi, amechagua njia yake. Siku ya tisa mama yake akafika shuleni. Hakuja kulalamika. Alikuja kuuliza kama mtoto wake anaendelea vizuri na masomo! Kila asubuhi kijana alikuwa anaoga, anavaa uniformu, anaaga, anatoka. Mama alijua yuko kwetu. Sisi tulijua yuko kwa mama. Kumbe hakuwa kwa mtu yeyote.

Tulipomweleza mama ile habari ya harufu, alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema hivi: "Walimu, mi ndiye napika ile lutuku. Ile pesa ndiyo ilinunua madaftari yake."

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatuna jibu zuri la kumpa. Lakini tangu siku ile tumeongea naye mara nyingi, na wazazi wengine, na muuguzi, na wazee wa kanisa, na vijana wenyewe. Haya tunayoandika yametoka katika maongezi hayo.

Kwa nini mtoto anaanza

Tukiwauliza wazazi, jibu la kwanza ni "marafiki wabaya". Ni kweli kwa sehemu. Lakini kila mzazi anasema marafiki wabaya ni watoto wa mwenzake. Sasa hao wabaya wenyewe ni wa nani? Tukiwauliza vijana tunasikia mengine.

Kuna wanaoanzia nyumbani. Mtoto anatumwa kubeba chupa, anaambiwa aonje kama imeiva, au anasaidia mama kukaa karibu na moto usiku. Hakuna aliyemwambia "kunywa", lakini pia hakuna aliyemwambia "hii si yako".

Kuna wanaoanzia kwenye kibarua. Vijana wanashuka Kashikishi na Nchelenge kuvuta nyavu au kubeba mizigo. Usiku ziwani kuna baridi, wakubwa wanapitisha kikombe, na mdogo anaona haya kukataa. Wengine analipwa samaki kidogo na kikombe kimoja, eti ni sehemu ya mshahara. Halafu serikali inapofunga uvuvi, kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, kibarua kinaisha lakini kiu inabaki.

Kuna wanaokata tamaa ya shule. Fikirieni mtoto aliyefundishwa kwa Kifaransa kule Pweto. Hapa alikuta Kiingereza, akarudishwa nyuma madarasa mawili au matatu. Kijana mwenye ndevu anakaa na watoto wa miaka kumi. Anaona aibu kila siku, na kikombe kinamsahaulisha aibu.

Na kuna wale ambao sababu yao tulichelewa sana kuisikia. Kijana wetu tulipompata mwishowe, tulimuuliza pole pole pombe inampa nini. Akasema: "Nikikunywa ninalala bila kuota." Alikuwa mdogo sana wakati familia yake ilipokimbia mwaka 2017. Walipita porini, wakaingia Chiengi, wakakaa Kenani, halafu mwaka 2018 wakaletwa hapa Mantapala. Wakubwa walisema: huyu alikuwa mdogo, hakumbuki. Anakumbuka.

Hapa tunataka kuwaambia jambo tulilojifunza. Miaka hii ya 2020 kumekuwa na utafiti hapa hapa Mantapala juu ya watu wazima wanaosumbuliwa na pombe, wakimbizi na Wazambia. Jina lake la Kibemba ni Ukuundapwa Chapamo, maana yake kutibiwa pamoja. Sisi si madaktari, lakini jina hilo tumelipenda. Pombe na huzuni ya moyo vinakaa chumba kimoja. Ukifukuza kimoja na kuacha kingine ndani, kitamfungulia mwenzake mlango usiku.

Hii pombe inafanya nini kwa mtoto

Wazazi wengine wanatuambia: "Na sisi tulikunywa tukiwa vijana, mbona tuko wazima?" Tunaheshimu, lakini tusikilizane kidogo.

Ubongo wa mtu unaendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25. Sehemu inayochelewa kumalizika ni ile ya kufikiri kabla ya kutenda, ya kujizuia. Pombe na bangi zikiingia wakati fundi bado yuko kazini, ukuta unajengwa vibaya. Watafiti wa Marekani mwaka 1997 waliona kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na hatari karibu mara nne ya kufungwa na pombe ukubwani, kuliko waliosubiri mpaka miaka 20 na zaidi. Na Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho tunaweza kukiita salama kwa afya.

Halafu, lutuku si munkoyo. Bia ya chupa ina pombe karibu asilimia 5. Lutuku, au kachasu kama Wazambia wanavyosema, imepita kwenye moto na bomba. Nguvu yake inaweza kuzidi bia mara nne, mara tano, hata zaidi. Na hakuna anayeipima. Leo ni kali, kesho ni kali kuliko jana. Mtoto mwenye kilo 40 akinywa kikombe sawa na baba yake mwenye kilo 70, hajanywa sawa na baba yake.

Hatari nyingine ni wauzaji wanaoongeza spiriti ya kiwandani ili ikolee. Ile spiriti ya methanoli inaua, na asiyekufa anaweza kubaki kipofu. Uganda, mwezi wa nne mwaka 2010, watu wapatao 80 walikufa upande wa Kabale na jirani zake kwa waragi yenye sumu hiyo. Kenya, mwezi wa tano mwaka 2014, zaidi ya 80 walikufa Embu, Kitui, Kiambu na kwingine. 

Na sheria tusiisahau. Zambia hairuhusu kumuuzia pombe mtoto chini ya miaka 18. Zile pombe za vifuko, tujilijili, zilipigwa marufuku mwaka 2012 kwa sababu watoto walikuwa wanazificha mfukoni mwa uniformu. Wauzaji wakahamia kwenye vichupa vidogo vya plastiki. Kachasu yenyewe hairuhusiwi. Bangi, au chamba, mtu haruhusiwi kuvuta wala kuuza. Ruhusa ya sheria ya mwaka 2021 ni ya wenye leseni kwa ajili ya dawa na utafiti. Msiamini anayesema siku hizi ni huru. Kadi ya mkimbizi haimkingi mtu na hiyo.

Dalili za kuangalia

Dalili moja peke yake isiwafanye mumshike mtoto kama mwizi. Kijana anaweza kuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni. Lakini zikija tatu au nne pamoja, kaeni macho:

- Anabadilisha marafiki ghafla, na wa zamani hawafiki tena nyumbani.
- Anaomba pesa mara nyingi, au vitu vidogo vinapotea: sabuni, kikombe, unga.
- Analala mchana, usiku hayupo.
- Anatafuna majani au pipi kila akikaribia nyumba, anakaa mbali wakati wa kula bukari.
- Hasira za haraka, au kinyume chake, anakaa kimya kama hayupo.
- Madaftari hayana tarehe za karibuni. Hii ni rahisi sana! Fungua daftari tu. Hata mzazi asiyesoma anaweza kumwomba jirani aangalie tarehe ya mwisho.

Kama daftari la kijana wetu lingefunguliwa siku ya pili, tusingengoja siku tisa. Na kama sisi tungetuma mtu nyumbani siku ya pili, pia tusingengoja. Tumekubaliana kati yetu walimu: mtoto akikosa siku mbili, mmoja wetu anafika nyumbani. Mkituona mlangoni msiogope. Hatuji kudai kitu.

Namna ya kuongea naye

Usiku ule anaporudi amelewa, usiongee. Tunajua ni ngumu. Mdomo unawasha. Lakini kumhubiria mlevi ni kumwaga maji kwenye mchanga, na kumpiga usiku ule ni kumfundisha kwamba kesho alale kwingine. Mpe maji, mlaze kwa ubavu, mwangalie. Maneno yangoje kesho, akishaoga na kula.

Kesho, tafuta mahali bila watu. Sisi tumeona kazi ya mikono inasaidia: mkiwa mnamenya mihogo, mnapalilia, au mnatembea kuchota maji. Kijana anaongea vizuri zaidi macho yake yakiwa na pa kwenda. Anza na ulichoona, usianze na jina baya. Ukimwambia "mlevi wewe", amekwisha kupata jina la kukaa nalo.

Mama wa kijana wetu alituruhusu tuandike namna walivyoongea, wakiwa shambani:

"Mwanangu, juzi ulirudi usiku, nikasikia harufu. Sikulala. Niliogopa."

"Mi sikukunywa, mama. Ni bale benzangu."

"Sawa. Sikuulizi kwa kukupiga. Nataka kujua tu inakusaidia nini."

Akanyamaza. Mama naye akanyamaza, akaendelea kulima. Anasema walifika mwisho wa tuta bila mtu kusema kitu. Halafu ndipo mtoto akasema lile neno la kulala bila kuota, lile lile alilotuambia na sisi baadaye.

Angalieni huyo mama alichofanya. Alisema ameogopa, hakusema ameaibika. Alipoambiwa uongo hakuukimbilia. Aliuliza "inakusaidia nini", na akangoja jibu tuta zima! Wengi wetu hatuwezi kungoja hata dakika moja.

Baada ya kusikia, weka sharti, maana kusikiliza si kuachilia. Sharti liwe dogo na la kweli: saa ya kurudi nyumbani, nani wa kutembea naye, kazi gani ya nyumbani. Na adhabu useme kabla, siyo baada, na iwe ile unayoweza kuitimiza. Usimnyime chakula, wala usimfukuze. Mtoto aliyefukuzwa hapa ana mahali pawili pa kwenda, porini au ziwani, na pote kikombe kinamngoja.

Baba zetu, tunawaomba kwa heshima: msiwaachie mama peke yao. Vijana wengi wametuambia kwamba baba akiongea naye mara moja bila fimbo, neno hilo linakaa. Kama baba alibaki kule ng'ambo au hayupo tena, mtafuteni mjomba, baba mdogo, au mzee wa bloki ambaye kijana anamheshimu.

Sasa, ile lutuku ya nyumbani

Hapa ndipo penye uzito, na hatutaki kuruka.

Tunajua kwa nini inapikwa. Pesa ya msaada haitoshi mwezi mzima, mashamba yana msimu, na mama mwenye watoto watano hawezi kungoja mahindi yakomae. Hatujui nyumba hata moja ambako mama anapika lutuku kwa kupenda. Hatuandiki hapa kumtaja mtu, wala kumpeleka mtu kwa polisi. Lakini pia hatuwezi kusema uongo kwamba haina neno. Ni kinyume cha sheria, na pesa inayonunua daftari inaweza kumchukua mwenye daftari.

Mama wa kijana wetu tulimuuliza anaweza kufanya nini kesho asubuhi, siyo mwaka ujao. Yeye mwenyewe alitaja mambo manne, sisi tuliandika tu:

1. Mtoto hatumwi tena kubeba, kuonja, kuuza wala kupokea pesa ya pombe. Hata kama mama amechoka.
2. Wateja hawakai nyumbani. Mtoto hasomi pale ambapo wakubwa wanalewa na kutukanana.
3. Hakuna mtoto wa mtu mwingine atakayeuziwa, hata akisema ametumwa na baba yake. Hasa akisema hivyo!
4. Anatafuta biashara nyingine kidogo kidogo. Ameingia kikundi cha kuweka akiba na wenzake, na ameanza na vitumbua na chisense kavu. Munkoyo mbichi, isiyokaa siku nyingi, pia inauzika kwenye joto.

Bado hajafika. Wiki nyingine vitumbua havitoshi, na anatuambia wazi. Lakini lile la kwanza hajalivunja hata mara moja, na kijana ameliona. Alituambia: "Mama alikuwa ananituma. Sasa anaenda mwenyewe, na mguu wake unauma." Sisi tulikuwa tunafikiri mtoto hahesabu mambo kama hayo.

Wazazi wa bloki moja mkikubaliana pamoja lile la tatu tu, kwamba hakuna mtoto atakayeuziwa, mtakuwa mmefanya kazi kubwa kuliko makala yetu kumi. Mzazi mmoja peke yake akikataa, mtoto anakwenda nyumba ya pili.

Mtoto akizidiwa

Kateni sehemu hii mbandike ukutani.

Mpeleke kliniki haraka, hata usiku, ukiona: haamki hata ukimtikisa, anapumua pole pole sana au pumzi inakatika, ngozi ni baridi, na ndani ya midomo au kucha kumekuwa rangi ya bluu au kijivu, anapata degedege, anatapika bila kuamka, au ameanguka akaumia kichwa. Pia kama siku ya pili anasema haoni vizuri, au anaona ukungu mweupe, usingoje hata saa moja. Hiyo inaweza kuwa ile sumu ya methanoli.

Wakati mnatafuta usafiri: mlaze kwa ubavu, mdomo ukielekea chini, ili akitapika asikabwe. Asiachwe peke yake "alale itaisha". Msimtapishe kwa vidole, msimmwagie maji baridi, msimpe maziwa wala kahawa wala mafuta. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpeni maji ya sukari kidogo kidogo.

Na kliniki mseme ukweli: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na kama alichanganya na vidonge au bangi. Muuguzi anataka kumponya tu. Mzazi akisema "ni malaria" kwa aibu, mtoto atatibiwa malaria.

Maswali mliyotuletea

"Nikimwombea, haitoshi?" Ombeni, na sisi tunaomba nanyi. Lakini mchungaji mmoja hapa alitujibu vizuri: anamwombea mgonjwa, halafu anamsindikiza kliniki. Kijana akiingia kwaya au timu ya mpira, amepata pia watu wa kukaa nao jioni, na jioni ndiyo saa mbaya.

"Wangu anakunywa kila siku, nimfungie ndani aache mara moja?" Hapana. Anayekunywa kila siku kwa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege. Mpeleke kwanza kwa muuguzi waone namna ya kumpunguzia.

"Baba yake mwenyewe anakunywa. Nitamwambia nini mtoto?" Mama aliyeuliza hili, tumesikia. Usimfiche mtoto anachokiona. Mwambie: "Baba yako nampenda, na pombe inamsumbua. Sitaki ikusumbue na wewe." Na baba mwenyewe anaweza kusema vile vile. Baba anayesema "mimi imenishinda, nisaidieni" hajapoteza heshima nyumbani.

"Nina mtoto wa kike. Hii ni ya vijana wa kiume tu?" Hapana. Wasichana wanakunywa kwa kujificha zaidi, na mara nyingine anayewapa ni mtu mzima mwenye nia mbaya. Ukigundua binti amekunywa, uliza pia kwa upole alikuwa na nani, na kama ameumizwa. Kama ameumizwa, asioge kwanza. Mpeleke kliniki siku hiyo hiyo, maana kuna dawa za kumkinga ambazo lazima zianze kabla ya siku tatu kupita.

"Niende kwa nani?" Kliniki, kamati ya ulinzi wa watoto ya bloki yenu, au sisi shuleni. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga simu ya watoto ya Zambia, namba 116, bila malipo.

Neno la mwisho

Mnataka kujua habari za kijana wetu. Amerudi darasani. Yule mwalimu aliyemfukuza mbele ya wote, alimwomba msamaha mbele ya wote. Haikuwa rahisi, na watoto walishangaa sana. Kijana anaonana na mtu wa kliniki kwa ajili ya zile ndoto. Mwezi uliopita alianguka tena, alikwenda ziwani siku mbili. Lakini safari hii alirudi mwenyewe, akapitia kwa mama kwanza, halafu akaja kusimama mlangoni mwa darasa, akangoja kuona tutasema nini.

Tulimwambia aingie, hesabu zimeanza.

Wazazi, jioni ya leo fungueni daftari moja, muangalie tarehe ya mwisho. Halafu mtuletee mliyoyaona. Hadi mwezi ujao, mbaki salama.

Walimu wenu wa kujitolea